Tulivyompigia Makofi Bwire Akiwa Anaondoka

Wadogo zangu wa vidato vya chini, na hasa wewe uliyechaguliwa kurithi kazi yangu ukaanza kulia mstarini, vuteni viti. Anayezungumza ni mstaafu. Nina miaka kumi na saba, goti la kushoto linaniuma kukiwa na baridi, na tangu sisi wa kidato cha nne tulipokabidhi madaraka ili tukasomee mitihani, nimeanza tabia ya kukaa kibarazani na kuwaambia watoto wadogo kwamba zamani mambo hayakuwa hivi. Pensheni sina. Nilipewa makofi na soda ya moto.

Nilikuwa kiranja wa mahudhurio. Kazi yenyewe ukiisikia unadhani ni kusimama getini na kununa. Na mimi nilidhani hivyo. Siku Madam Kabula, mwalimu wetu wa malezi, aliponiita ofisini kwake, nilijua nimeshtakiwa.

"Shabani," akasema, "wewe unaongea na kila mtu. Unajua nani kanyolewa na nani, na nani kwao kuna panya."

"Ndiyo, Madam." Kukataa kungekuwa uongo.

"Sasa utaongea kwa faida ya shule. Mwalimu akiingia darasani anaona kiti kitupu. Nataka wewe unionyeshe mtu kabla kiti hakijawa kitupu."

"Madam, hiyo si kazi ya kiranja. Hiyo ni kazi ya mganga."

"Tunguri utajitafutia mwenyewe," akasema, akarudi kusahihisha madaftari.

Ndivyo nilivyoajiriwa. Semina haikuwepo.

Niliyemrithi mimi alikuwa na njia moja tu ya kutibu utoro: fyekeo. Umekosa siku moja, unafyeka. Umekosa wiki, unafyeka mpaka nyuma ya choo. Majani ya shule yetu yakawa mafupi kama kichwa cha askari, na watoro wakawa wengi kuliko mwanzo. Ilinichukua muda kuelewa kitu ambacho hata mbuzi angeelewa. Mtu aliyekosa siku moja kwa sababu nguo hazikukauka, akikumbuka kwamba fyekeo linamsubiri, anakosa na ya pili. Ya tatu anaona aibu. Baada ya hapo hana tena safari ya kuja shule, ana safari ya kuja kuchekwa. Nikamwomba Madam fyekeo wabaki nalo wachelewaji sugu kama mimi, na anayerudi baada ya kukosa apokewe kwanza, aulizwe baadaye. Alikubali. Majani yakaota, na mwalimu wa mazingira hakunisalimia muhula mzima.

Hiyo ya kuchekwa niliijua kutokana na safari ya mtaa wa Pasiansi, ambayo naisimulia bure, bila kiingilio.

Kijana mmoja wa kidato cha pili alikuwa haonekani. Viranja tukaamua kwenda kwao kama kamati. Tulikwenda kundi zima, sare zimepigwa pasi, mashati yamechomekewa. Njiani kiranja mkuu akatuonya, "Jamani, tunakwenda kwa watu. Hakuna kucheka." Tukaingia uani kimya, mikono nyuma, vichwa chini. Mama mtu alikuwa anaosha vyombo. Akatutazama. Kila mmoja wetu, kwa adabu, akawa anamsubiri mwenzake aanze kusema.

Sufuria likamdondoka. "Mwanangu! Mwanangu jamani! Asubuhi kaniaga!"

Hebu fikirieni: wanafunzi wengi, kimya, wamesimama uani na nyuso za namna ile. Hapa kwetu hiyo ina maana moja tu. Majirani wakamiminika. Mmoja alishaanza kutoa viti nje, mwingine anauliza turubai la mtaa liko kwa nani. Katikati ya kilio akatokea kijana mwenyewe mbio, na sare yake, kutoka nyuma ya nyumba ya tatu alikokuwa akishinda anacheza drafti kila siku kwa kuogopa fyekeo na kuchekwa.

"Mama! Nani kafa?"

"Wewe!" akajibiwa na jirani mwenye viti.

Kwa hiyo andikeni kichwani. Mkimtembelea mtu kwao, nendeni wawili. Anzeni kupiga kelele za salamu mkiwa bado njiani. Chekeni. Na sentensi ya kwanza iwe hii: "Wote wazima, tumekuja kusalimia tu!" Mambo ya shule yaje baadaye, mkishapewa maji ya kunywa.

Sasa tuje kwenye utaalamu wangu mwenyewe, ambao sikufundishwa na mtu. Mimi ni mtaniaji. Walimu wanaita utovu wa nidhamu, lakini kwa kazi hii utani ni kipimajoto. Pale getini kila asubuhi nilikuwa nachokoza watu. Huyu nitamwambia viatu vyake vinaongea, yule nitamuuliza kama nywele alichana au alizitisha. Mtu aliye mzima wa afya anarudisha. Anakutukana vizuri, anaingia darasani ana furaha. Anayekasirika pia hana shida, bado ana kitu cha kutetea. Wa kumwangalia ni yule anayekutabasamia kama mgeni, anapita. Huyo akili yake imeshapanda gari.

Lakini kipimajoto peke yake hakitoshi kama hujui hali ya hewa ya nyumbani kwa mtu, na hapa Kirumba, kando ya ziwa, hali ya hewa ni mwezi.

Wenye asili ya ziwani mnajua, nawaambia waliohamia. Dagaa wanavuliwa kwa taa, wakati wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haina kazi, wavuvi wanapumzika. Kwa hiyo kipindi cha giza, asubuhi mitumbwi inaingia imejaa, akina mama wananunua wabichi, na watoto wao wanabeba, wanaanika, wanageuza, wanafukuza kunguru. Shuleni kwetu giza likiingia, madarasa yanapwaya. Mbalamwezi ikija, wanarudi wote, wamepauka, wananukia ziwa. Hata walimu walishazoea. Ukiuliza fulani yuko wapi, unajibiwa, "Huyo ni wa giza, atarudi." Na kweli anarudi. Madam Kabula alikuwa anapanga hata mikutano ya wazazi wakati wa mbalamwezi, la sivyo angehutubia madawati.

Bwire alikuwa wa giza. Tulikuwa darasa moja, kidato cha tatu mwaka jana. Mjita, mrefu, kipa wetu, na mdomo wake ndio ulikuwa saizi ya wangu. Mama yake alikuwa mwanika dagaa, wawili peke yao, chumba kimoja cha kupanga. Asubuhi yetu ilikuwa hivi:

"Bwire, mikono yote hiyo, mama yako alikuzaa au alikuangua?"

"Aliniazima kwa shangazi yako, na mpaka leo hajaja kunidai."

"Paka wa jikoni wanakufuata."

"Wanakutafuta wewe, wamesikia kuna panya anaitwa kiranja."

Tukishamaliza hapo, siku imeanza.

Halafu zikaja mvua. Nyie mnazipenda mvua kwa sababu mwalimu wa zamu anachelewa. Anayeanika dagaa hazipendi. Dagaa wakinyeshewa siku mbili tatu mfululizo wanaoza, wanageuka chakula cha kuku, na mtu anauza kwa huruma ya mnunuzi. Sisi hatukufikiria hayo. Tulichokiona ni muujiza: giza liliingia na Bwire yuko darasani. Asubuhi ya kwanza, ya pili, zote. Sare safi, kucha safi, hanukii kitu.

Basi tukafurahi. Mimi nilimpelekea Madam habari kama tarishi wa harusi. Madam akalisoma jina lake mstarini mbele ya shule nzima: mwanafunzi aliyeshinda tatizo la mahudhurio. Tukampigia makofi ya nguvu. Bwire akasimama pale mbele na mikono yake mirefu, akitazama viatu vyake.

Kesho yake getini nikamrushia, "Bwire, paka wanauliza umehamia wapi."

Akatabasamu. "Wasalimie," akasema, akapita.

Wasalimie! Bwire! Nikabaki nimeshika geti. Darasani akakaa kiti chochote kilichokuwa wazi, yeye aliyekuwa anapigania kiti cha dirishani kila siku kama urithi wa babu yake. Kipindi cha michezo akamwachia mwingine goli bila kudai chochote.

Nilikwenda kwa Madam wakati wa mapumziko.

"Madam, Bwire hanitukani tena."

"Mshukuru Mungu."

"Sitanii, Madam. Hanitukani, na anakuja shule wakati wa giza."

Madam Kabula amezaliwa Magu kwa wakulima, lakini kaishi na watu wa ziwani miaka mingi. Alikuwa anakula kiazi. Akakirudisha kwenye sahani. Hakuhitaji kuelezwa. Giza lipo, mitumbwi inatoka, na mtoto wa mwanika dagaa anashinda darasani na kucha safi: basi kwao hakuna tena dagaa wa kuanika. Kazi ya mama imekufa. Na sisi tumempigia makofi.

Tukamwita Bwire. Hakuficha, hakuna aliyekuwa amemuuliza tu. Mtaji wa mama yake ulikwisha na zile mvua. Mjomba wake Masatu ana kambi ya uvuvi kisiwani, amesema dada yake aje huko akaanze upya. Safari Jumapili hii, kabla giza halijaisha.

"Na wewe?" Madam akauliza.

"Tunaondoka wote, Madam. Mjomba ana mtumbwi."

Hapo sisi wawili tukaelewa tulivyoelewa. Kijana mrefu, mwenye mikono ile, mjomba mwenye mtumbwi. Wangapi tumewapoteza kwa njia hiyo? Anakwenda kusaidia giza moja, anashika hela yake ya kwanza, humwoni tena isipokuwa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, akiwa na simu kubwa na kikohozi.

Jumapili Madam alipotoka kanisani tukafuatana mpaka kwao Bwire, Kirumba. Wawili, kwa kelele, kwa kucheka, kama nilivyowafundisha. Tukakuta chumba kiko nje. Godoro limefungwa kamba, masufuria kwenye beseni, na mjomba Masatu, mtu mnene wa sauti nene, anapima kwa macho nini kitaingia mtumbwini. Bwire alikuwa amekaa juu ya gunia.

Tulisalimia, tukapewa ndoo ya kukalia. Madam akaanza. Jamani, Madam alizungumza! Alieleza sheria inasemaje juu ya mtoto kuachishwa masomo. Alieleza kazi ya uvuvi ilivyo hatari kwa kijana ambaye hajakomaa. Alieleza Bwire alivyo mzuri kwenye fizikia. Mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa kila baada ya nukta. Mama Bwire alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, kama mtu aliye ibadani.

"Mwalimu," akasema, "nani kakuambia nampeleka kuvua?"

Madam akanigeukia mimi.

"Huyu? Huyu hata kuogelea hajui."

"Nimpandishe huyu mtumbwini kazini?" mjomba akadakia. "Mwalimu, huyu mtoto alitapika mtumbwi ukiwa bado umefungwa! Wavuvi wangu wakamwita Mheshimiwa Abiria."

Bwire akainamisha kichwa. Mimi nilibana kicheko mpaka masikio yakauma.

"Mimi nataka asome kuliko wewe unavyotaka," Mama Bwire akaendelea. "Lakini chumba nimekirudisha kwa mwenyewe. Ndugu mjini sina. Nikiondoka, atalala wapi?"

Mnaona? Tumebeba hotuba nzima kutoka kanisani Nyegezi mpaka Kirumba kwa ajili ya swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Swali lenyewe lilikuwa la kitanda. Wadogo zangu, kabla hujamtetea mtu, muulize anakosa nini. Ni swali fupi, na linaokoa mate ya mwalimu.

Madam akaanza kuhesabu vitanda kwa vidole. Yeye anaishi chumba na sebule, na watoto wake watatu wa kike. Nikasikia mtu anasema, "Atalala kwetu," na mtu huyo alikuwa mimi.

"Kwenu kuna nani?" Mama Bwire akaniuliza.

"Kuna mama."

"Mama amesema?"

"Atasema."

Akatikisa kichwa. "Baba, asante. Lakini mwanangu simkabidhi kwa mtoto mwenzake. Kamlete mama yako, nimwone uso."

"Na umlete upesi," mjomba akasema. "Kuna watu wengine wanasubiri mwaloni. Injini ikishawaka mimi siizimi."

Nikakimbia. Mama yangu ni fundi cherehani, kibanda chake kiko karibu na uwanja wa mpira. Nilimkuta ana pini mdomoni na gauni la harusi la mtu mezani. Nikamweleza bila kupumua. Akatoa pini moja moja.

"Umeniletea mtu au umeniletea habari?"

"Bado ni habari, mama. Ukichelewa atabaki habari."

"Anavuta sigara?"

"Hapana."

"Anakula?"

"Sana."

"Ni dini gani?"

"Msabato."

Akafikiri. "Ijumaa yetu, Jumamosi yake. Vyombo vya Jumapili mtaosha wote wawili." Akatupa kanga begani, akasahau kuvua futi ya kupimia iliyokuwa shingoni, tukatoka.

Tulipofika vitu vilishafika mwaloni, tukavifuata huko. Nilitegemea wale akina mama wawili watakumbatiana, walie, tumalize. Wapi. Walisimama wakatazamana kama watu wanaouziana ng'ombe.

"Anakoroma," Mama Bwire akaanza.

"Wangu anaongea usingizini."

"Akiumwa hasemi."

"Wangu anasema hata asipoumwa."

"Akikwambia ameshiba, usimwamini. Anaona haya kwa watu."

"Nitampakulia mimi mwenyewe."

Mama yangu akamgeukia Bwire. Akamzungusha kama anavyozungusha wateja, akavuta futi shingoni, akampima mabega, akampima mkono kutoka juu mpaka kiganjani, akaguna kwa urefu wa ule mkono. "Shati limemkaba hili. Mikono nitaiongeza, na suruali nitashusha pindo. Anakua bado."

Mama Bwire aliifuata ile futi kwa macho mpaka ilipomaliza kupima. Ndipo akamgeukia kaka yake. "Masatu," akasema, "shusha lile begi la bluu."

Msidhani kazi iliishia hapo. Kumpata mtu ni rahisi kuliko kukaa naye. Wiki za mwanzo Bwire alikuwa anakula kama ndege, anaamka kabla ya kila mtu, anafagia mpaka uwanja wa jirani. Siku moja nilimkuta anafunga lile begi. Akasema amekuwa mzigo, atakwenda tu kisiwani, atatapika mpaka azoee. Nilitafuta utani, nikakosa. Nilimwita mama. Mama hakumhubiria. Alimwambia kuna sare za wanafunzi zinatakiwa na vifungo, na Shabani anavishona kama mtu anayefunga mbuzi. Kuanzia hapo vifungo vyote vya kibandani vikawa kazi ya Bwire, akirudi shule. Na Madam naye alikuwa anamwita kila Ijumaa, dakika chache tu, anamuuliza mambo ya kawaida. Nilimuuliza Madam kwa nini anajisumbua wakati mtu yupo kila siku. Akaniambia, "Hata mara ile alikuwepo kila siku."

Basi giza likapita, mwezi ukakua, mitumbwi ya visiwani ikaanza kurudi. Asubuhi moja, kipindi cha hesabu, mwalimu alitaka mtu wa kwenda kufungulia gari la kuni. Nilijitolea kwa moyo wote. Nilipofungua geti, nje hakukuwa na gari la kuni. Alikuwepo Mama Bwire. Jua limemchoma, amekonda, mkononi ana mfuko wa dagaa wasio na mchanga hata chembe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yupo?"

"Yupo. Nimwite?"

"Hapana. Darasa lipi?"

Nikamwonyesha madirisha yetu, ya tatu kutoka mwisho. Akasogea mpaka kwenye nguzo ya geti, akaegemea. Kutoka kule mbali tulimsikia mwalimu akiuliza kitu, na darasa zima likajibu kwa pamoja.

"Na yeye amejibu?" akaniuliza.

"Amejibu, mama."

Akasikiliza kidogo tena. Halafu akanipa ule mfuko, nimpelekee mama, akajifunga kanga vizuri.

"Nitamwona jioni," akasema. "Funga geti lako, mwache asome."